Nani Asiye na Upande? Jibu kwa Katibu wa Kikundi cha Hombolo

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Hombolo, nje kidogo ya mjini Dodoma, na wengi wetu ni wakulima wa zabibu. Wakati wa uchaguzi wa rais wa mwaka 2025 wanachama walikuwa wakiniletea kila walichokipata kwenye simu ili niwaambie kama ni kweli. Mmoja alileta sauti ya mtu asiyejitaja akisema majina yetu yamehamishiwa kituo kingine. Mwingine alileta karatasi ya matokeo yenye mhuri wakati kura zilikuwa hazijapigwa bado. Mzee wetu mmoja akashikilia kwamba rais ni lazima avuke nusu ya kura, la sivyo uchaguzi unarudiwa. Kisha intaneti ikazimika, tukabaki na redio na maneno ya kijiweni. Mume wangu anasema nisikilize redio ya taifa tu. Mdogo wangu anasema vyombo vya ndani vyote vinaogopa, nifuate vya nje tu. Naomba unitajie chombo kimoja au viwili visivyo na upande, ili uchaguzi mwingine ukifika niwe na jibu la kuwapa wenzangu."

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu naona ndani yake hofu iliyo kubwa kuliko swali lenyewe: watu wanakutegemea, wengine wao ni wakubwa kwako kwa umri, nawe unaogopa kuwapa jibu litakalowapotosha katika jambo linalogusa kura yao. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, sitakutajia chombo kimoja au viwili kama ulivyoomba, na naona ni wajibu wangu kukueleza sababu kwa kirefu, kisha nikuonyeshe kitu ambacho naamini kitakufaa zaidi.

Kila chombo cha habari kina mwenyewe. TBC ni shirika la umma lililo chini ya Serikali. HabariLeo linachapishwa na kampuni ya magazeti ya Serikali. Uhuru ni gazeti la Chama Cha Mapinduzi, na halijawahi kuficha jambo hilo. Mwananchi linatoka katika kampuni iliyo ndani ya Nation Media Group ya Kenya, Nipashe na ITV vimo katika kundi la IPP, na Redio Mwangaza, ambayo bila shaka mnaisikia huko Hombolo, ni ya Kanisa Katoliki. BBC inagharimiwa kwa fedha za umma wa Uingereza, na DW kwa fedha za umma wa Ujerumani. Zaidi ya hapo, vyombo vya utangazaji vya ndani vinafanya kazi kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inayoweza kusitishwa, na vingi vinategemea matangazo ya taasisi na makampuni ambayo hayapendi kuudhiwa. Sikuelezi haya ili uvidharau. Ninakueleza ili usije ukadhani kwamba mahali fulani kuna mtangazaji aliyekaa juu ya wote, asiye na mwajiri, asiye na hofu wala matumaini.

Ndiyo maana naona mumeo na mdogo wako wote wawili wana hoja, na wote wawili wanakosea pale wanapoongeza neno "tu". Redio ya taifa ndiyo itakayokusomea tangazo la Tume ya Uchaguzi neno kwa neno, na ukitaka kujua Tume imesema nini, huna sababu ya kuikwepa. Vyombo vya nje vinaweza kumpa nafasi mtu ambaye vyombo vya ndani vimemnyima, na hilo lina thamani kubwa wakati wa kampeni. Lakini vyombo hivyo vina waandishi wachache nchini, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, na kwa kawaida yao huvutwa na habari zenye kishindo. Hutasikia kwao kwamba kituo chenu kimehamishwa kutoka shuleni kwenda ofisi ya kijiji. Aliye mbali haogopi mambo yanayomtisha aliye karibu, lakini pia haoni anayoyaona aliye karibu.

Ni vizuri pia uelewe jinsi upendeleo unavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi wanautafuta mahali usipokuwapo. Wanangoja uongo wa wazi. Ukweli ni kwamba chombo kinaweza kupendelea kuanzia Januari hadi Desemba bila kusema uongo hata mmoja. Kinafanya hivyo kwa kuchagua habari ipi itangulie na ipi iachwe, kwa kumpa mgombea mmoja sauti yake mwenyewe na mwingine kumsimulia tu kwa ufupi, na kwa vitenzi: huyu "ameeleza", yule "amedai", huyu "amewasili", yule "amejitokeza". Chukua daftari, na kwa wiki moja ya kampeni sikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku katika vituo viwili tofauti. Andika kila mgombea wa urais amepewa dakika ngapi, na kama amesikika kwa sauti yake au ameelezwa na msomaji. Mwisho wa wiki utakijua kila kituo kuliko ambavyo mimi ningeweza kukueleza, na utajua ni habari za nani unazopaswa kwenda kuzitafuta kwingine.

Sasa fikiria kisanduku cha kikundi chenu. Nadhani kina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu. Hamkumchagua mweka hazina kwa sababu hana ndugu ndani ya kikundi. Mnamwamini kwa sababu kisanduku kinafunguliwa mbele ya wote na daftari linasomwa kwa sauti. Taarifa za uchaguzi nazo ningependa uzipime hivyo. Badala ya kuuliza kama msemaji ana upande, uliza kama kuna daftari chini ya maneno yake, na kama wewe unaweza kulifungua. Nikiyarudia mambo matatu uliyoletewa, naona kila moja lina daftari lake, na hakuna hata moja kati yake ambalo limo mikononi mwa mtangazaji.

Nianze na majina yaliyodaiwa kuhamishwa. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo ofisi zake kuu ziko Njedengwa, hapa hapa Dodoma. Kila daftari linapoboreshwa, orodha ya awali huwekwa wazi ili wananchi waikague na kuomba marekebisho, na kabla ya siku ya kura majina hubandikwa vituoni. Kwa hiyo sauti ile haikustahili kujadiliwa kikundini hata kwa dakika kumi, kwa kuwa jibu lake lilikuwa ukutani, umbali wa kutembea kwa miguu. Hata hivyo sishangai kwamba iliwaingia watu, kwa maana uongo unaoshika mara nyingi huota karibu na jambo la kweli: mwaka 2025 jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa na kuzaliwa jimbo jipya la Mtumba, watu wakawa tayari kuamini kwamba chochote kingeweza kuhamishwa. Kumbuka pia kwamba Tume hii inasimamia uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani, huku uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa, kama ule wa Novemba 2024, ukisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayoshughulikia serikali za mitaa. Wengi huchanganya daftari la uchaguzi mmoja na orodha ya mwingine, kisha wanadhani wamefutwa.

Kuhusu mzee wenu na nusu ya kura, mwambie kwa heshima kwamba anachokisema ni sheria ya Kenya. Huko mgombea anatakiwa kuvuka nusu ya kura zote na kupata angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24, vinginevyo kunakuwa na duru ya pili. Tanzania nayo ilikuwa na sharti la kuvuka nusu hadi lilipoondolewa katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, kwa hiyo huenda mzee anaikumbuka sheria ya zamani vizuri kabisa. Leo Ibara ya 41 ya Katiba yetu inasema anayepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote ndiye rais. Ibara hiyo hiyo, katika ibara ndogo ya 7, inazuia mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa rais baada ya Tume kumtangaza. Ninalitaja hili kwa sababu wengi walioona Mahakama ya Juu ya Kenya ikifuta uchaguzi wa rais mwaka 2017, na mahakama ya Malawi ikifanya hivyo mwaka 2020, wanaamini kwamba hata kwetu njia hiyo ipo. Haipo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, lakini chaguzi za mwaka huo na wa 2025 zote zilifanyika zuio likiwa bado limo ndani ya Katiba. Nunueni nakala ya Katiba, iwekwe pamoja na madaftari ya kikundi. Inamaliza ubishi mwingi ambao redio haiwezi kuumaliza.

Karatasi ya matokeo ndilo jambo zito zaidi, na hapa naomba univumilie. Kura za urais huhesabiwa kituoni zilikopigwa, mbele ya mawakala wa vyama. Msimamizi wa kituo hujaza fomu ya matokeo, mawakala huisaini na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa kituoni. Matokeo ya vituo vyote hujumlishwa na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, kisha Tume hujumlisha ya majimbo yote na kumtangaza mshindi. Ukiujua mlolongo huu, karatasi nyingi za simu zinajikana zenyewe. Iliyotoka kabla ya kura kupigwa haina mahali popote ilipoweza kutoka. Inayotaja jumla ya nchi nzima jioni ya siku ya kura haiwezekani, kwa sababu vituo vinakaribia 100,000. Inayotaja kituo lazima iwe na jina na namba ya kituo, idadi ya walioandikishwa, kura zilizoharibika na saini za mawakala, na jumla zake lazima zikubaliane. Zijumlishe mwenyewe kwa kalamu, maana waghushi wengi hushindwa kwenye hesabu. Mhuri usikutishe, kwa kuwa kuchonga mhuri hakuhitaji siku nzima. Na fomu ya kituo chenu mnaweza kwenda kuisoma kwa macho yenu na kuinakili. Hiyo ndiyo taarifa iliyo imara kuliko zote utakazozipata, ingawa inahusu kituo kimoja tu na haikuambii lolote kuhusu Kigoma au Mtwara.

Hapa nina wajibu wa kukueleza mpaka wa njia hii ninayokufundisha. Hati inaweza kukwambia nani ametangaza nini. Haiwezi peke yake kukwambia kama kilichotangazwa ni haki. Tarehe 1 Novemba 2025 Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa asilimia 97.66 ya kura. Siku chache baadaye waangalizi wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, na wa Umoja wa Afrika walitoa taarifa zao za awali wakisema uchaguzi ule haukufikia misingi ya jumuiya hizo, nayo Serikali ikautetea. CHADEMA haikushiriki, na mgombea wa urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa kabla ya siku ya kura. Wajumbe wa Tume huteuliwa na Rais, na licha ya neno "Huru" kuongezwa katika jina lake kwa sheria ya mwaka 2024, wapo wanaouhoji uhuru huo kwa sababu hiyo. Haya yote yamo katika kumbukumbu za umma. Mwanachama akikuuliza, mpe yote, si nusu inayokupendeza wewe au inayompendeza yeye. Na ripoti ya waangalizi ukiipata, anza kwa kutazama walikuwa wangapi, walifika mikoa gani, na walizuiwa wapi, kwa kuwa huo ndio uzito wa maneno yao.

Kuhusu vifo na majeruhi wa ghasia za siku zile za uchaguzi wa 2025, takwimu zinazotajwa zinatofautiana sana. Nakuomba usimpe mwanachama namba yoyote bila kumwambia ni nani aliyeihesabu na kwa njia gani, kwa maana wapo waliofiwa, na namba inayotupwa ovyo inawaumiza, iwe imepunguzwa au imeongezwa.

Ahadi za wagombea ni eneo ambalo mkazi wa Dodoma ana bahati kuliko Mtanzania mwingine yeyote, na nasikitika kwamba tunaitumia kidogo mno. Mgombea akisema maji yamefika, au deni limekua, au zahanati zimejengwa, taasisi zinazotunza ushahidi ziko umbali wa nauli ya daladala kutoka kwenu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kila mwaka baada ya kukabidhiwa kwa Rais mwezi Machi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina matokeo ya Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge zinaonyesha mbunge wenu alisema nini na lini. Ilani za vyama vyote someni pamoja, mkizilinganisha jambo kwa jambo. Chukueni zabibu, kwa mfano, muone nani ametaja soko na nani ametaja mbegu tu. Ikiwa mnahitaji taarifa ambayo haijachapishwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba kwa maandishi, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kwa hiyo barua ya kuuliza mradi wa maji wa kata yenu iandikwe kabla kampeni hazijaanza.

Turudi kwenye simu. Ujumbe wa WhatsApp wenye alama ya mishale miwili umepitia mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, maana yake aliyekutumia hamjui mwanzilishi wake kama wewe usivyomjua. Sauti isiyotaja jina, mahali wala tarehe haina namna ya kuthibitishwa, na siku hizi programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya kiongozi kwa ustadi wa kutisha. Wapo wanaofanya kazi ya kuhakiki madai kwa Kiswahili, kama Nukta Fakti, JamiiCheck na PesaCheck, na ubora wao ni kwamba wanakuonyesha hatua walizopitia hadi kufikia jibu. Lakini hata wao usiwategemee peke yao. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums, wenye JamiiCheck, ilisitishwa kwa siku 90, wiki chache kabla ya kura, na waliokuwa wamezoea kuuliza huko tu wakabaki bila pa kuuliza.

Hilo linanileta kwenye siku ambazo intaneti haipo, kama ilivyokuwa kuanzia 29 Oktoba 2025. Siwezi kukuahidi njia ya kujua kila kitu katika hali hiyo. Unachoweza ni kujiandaa: uwe na redio ya betri, ujue masafa ya vituo viwili au vitatu vya ndani na saa za matangazo ya Kiswahili ya BBC na DW, na uandike kwenye karatasi namba za watu unaowaamini katika kata nyingine, ambao watakueleza walichokiona wenyewe na si walichosikia. Wanachama wakikuuliza jambo ambalo hujalithibitisha, waambie "sijui bado, nitawaambia nikijua." Kwa katibu anayeheshimiwa jibu hilo si aibu, na siku kama zile linaweza kuzuia mtu kutoka nyumbani kwa hasira au kwa hofu isiyo na msingi.

Kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa kusoma jibu langu. Jina lako au la mwenzako likikosekana kwenye orodha, nenda mwenyewe na kadi yako kwa afisa mtendaji wa kata au ofisi ya msimamizi wa uchaguzi wa jimbo wakati wa marekebisho ungali upo. Usingoje siku ya kura. Mwanachama akitishwa kwa sababu ya kura yake, au akiitwa polisi kwa ajili ya ujumbe aliousambaza, atafute msaada wa kisheria siku hiyo hiyo, kupitia wasaidizi wa kisheria walio katika halmashauri nyingi, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au wakili wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kwa faini, kifungo au vyote viwili kusambaza taarifa ambayo mtu anajua ni ya uongo kwa nia kama ya kukashifu, kutisha au kupotosha umma, na tofauti kati ya anayejua na asiyejua si jambo la kujieleza mwenyewe kaunta bila mshauri. Asiufute ujumbe wenyewe, na simu asimpe mtu mwingine aitunze, kwa sababu tarehe ya kupokelewa na alama ya kwamba ulisambazwa kutoka kwingine ndivyo wakili atakavyovitaka kwanza.